Upande wa Nyuma wa Kadi za Mzee Anastazi

Wiki iliyopita vijana wawili wahandisi walikuja kunitembelea hapa Remera, Kigali, wakanikuta nachambua maharage. Wakaniuliza, kwa heshima lakini kwa macho ya kunihurumia, sisi wa zamani tulikuwa tunatengenezaje itifaki za mawasiliano kabla ya intaneti yenye kila kitu. Nikawaambia tulikuwa na kopo la biskuti. Wakacheka, nami nikacheka nao, kisha wakamaliza chai yangu na kuondoka bila kuuliza kopo lilikuwa na nini ndani. Nilikasirika kidogo, na mimi nikikasirika huwa naandika.

Kwa ambao hawajaingia kwenye kazi hii: itifaki ni mapatano ya namna mashine mbili zitakavyozungumza. Nani aanze, mwenzake ajibu nini, ujumbe ukipotea njiani nani aurudie, na mazungumzo yafungwe vipi bila mmoja kubaki anangoja peke yake. Ofisi yetu ilikuwa Muhima, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri, na honi za magari ya kuelekea stendi ya Nyabugogo zilitufikia mpaka mezani. Tulitengeneza vifaa vya redio vya kuendesha pampu za maji zilizoko vilimani. Mtu anabonyeza kitufe mjini, pampu ya kilima cha pili inawaka. Ikiwa imesikia, lakini. Miaka yangu yote ya kazi ilikuwa kwenye hilo neno "ikiwa".

Mimi ni Devota. Nimezaliwa na kukulia Ngara, Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda, na nilipoingia ofisi ile walinitania kwamba nikiongea Kiswahili ni kama nasoma taarifa ya habari. Aliyenipokea ni Mzee Anastazi, Mnyarwanda aliyekulia Burundi. Ujana wake wote alikaa kwenye foni ya misheni moja kule, yaani ile redio ambayo mapadri waliitumia kuitana kutoka parokia hadi parokia kabla ya simu za mkononi. Mtu aliyekaa na foni miaka mingi hivyo amesikia kila namna ambayo binadamu wanaweza kutoelewana. Baadaye alijifunza elektroniki, kisha kompyuta, lakini masikio yake yalibaki ya foni.

Siku yangu ya kwanza alinisukumia kopo mezani.

"Devota, watu wanafikiri kira mazungumuzo ni mpya," akasema, maana "l" kwake mara nyingi iligeuka "r". "Oya, hapana. Iko aina kidogo tu. Zinarudi, zinarudi. Wewe chagua yenye inafaa, unganisha, maliza."

Ndani ya kopo mlikuwa na kadi nene, ukubwa wa kiganja. Vitabuni mtakuta zinaitwa ruwaza za usanifu: suluhisho la tatizo linalojirudia, likapewa jina ili kila mhandisi asianze kulibuni upya. Yeye alisema kadi tu. Moja iliitwa Salamu, ya mashine mbili kutambuana kabla ya kuanza. Nyingine iliitwa Bado Upo, ya kuuliza kila baada ya muda kama mwenzako yu hai, maana kimya cha redio hakikuambii kama mtu amelala au amekufa. Kulikuwa na Zamu, kulikuwa na Funga Vizuri, na kulikuwa na ile ambayo nitaisimulia, Rudia Mpaka Ujibiwe. Mbele ya kila kadi alichora mistari miwili iliyosimama, huyu na yule, na mishale ya ujumbe ikienda na kurudi. Mtoto angeelewa.

Nyuma ya kadi hakuchora kitu. Nyuma iliandikwa na aliyekosea. Ukiitumia kadi mahali isipofaa, unaigeuza na kuandika kwa mkono wako mwenyewe ulikosea wapi, ili anayekuja nyuma yako ajue. Hiyo ndiyo sheria pekee aliyokuwa mkali nayo.

Mimi niliandika nyuma ya kadi mwezi wangu wa tatu tu. Tulikuwa na vituo viwili vinavyotazamana, kila kimoja kwenye kilima chake. Nilivipa vyote muda uleule wa kungoja kabla ya kurudia ujumbe. Vikaita kwa wakati mmoja, vikagongana, vikangoja sawasawa, vikaita tena kwa wakati mmoja. Vilikuwa kama wageni wawili wenye adabu mlangoni, kila mmoja anasema "tangulia", kisha wanaingia pamoja na kugongana mabega. Asubuhi nzima. Nililaumu antena siku mbili, nikampandisha fundi mlingotini mara tatu, maskini, mvua inamnyeshea. Mzee alipokuja alisikiliza dakika chache, akavua vifaa vya masikioni, akasema kila kimoja kingoje muda wake tofauti, tena ubadilike kila mara. Tukabadilisha. Ikafanya kazi. Nikaandika nyuma ya kadi ya Zamu kwamba Devota alilaumu antena siku mbili, na mpaka nastaafu kulikuwa na watu waliokuwa wakinisalimia, "Antena vipi?"

Kuna jambo moja la kazi ile ambalo nalikosa hadi leo, na ningefurahi mkilirudisha. Kabla hatujaandika mstari hata mmoja wa programu, itifaki tuliicheza. Watu wawili wanakaa wamepeana migongo, kila mmoja na hatua zake kwenye karatasi, na wanaongea kwa vikaratasi tu. Wa tatu ndiye anayebeba vikaratasi hivyo, na huyo anaruhusiwa kuiba kimoja, kukichelewesha au kuleta kingine mara mbili. Tulimwita mwizi. Mwizi wetu bora alikuwa Spesioza wa mapokezi. Misa ya asubuhi hakukosa, lakini kwenye mchezo ule hakuwa na huruma hata kidogo. Siku moja alificha jibu langu ndani ya kitambaa chake cha kichwani, akangoja mpaka nimeanza mazungumzo mengine kabisa, ndipo akanikabidhi huku akitabasamu. Nikalipokea jibu la zamani nikidhani ni jipya, kila kitu kikavurugika. Mzee Anastazi alicheka mpaka akafuta miwani. "Afadhari ikufie hapa mezani," akaniambia. Tulikuwa tunacheza hivyo saa kumi jioni, na chai na mandazi, na mimi nilikuwa mwenye furaha sana bila kujua kwamba hiyo ndiyo furaha yenyewe.

Sasa niwaambie ya ile kadi.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili, bado niko kwenye mkataba wa muda, na wa kudumu ulikuwa usainiwe mwisho wa mwezi. Mama yangu alikuwa ameshahamia kwangu kutoka Ngara, anaumwa miguu, na nyumba tuliipanga kwa jina langu. Nilipewa kituo kimoja niandike itifaki yake mwenyewe, mara ya kwanza bila kusimamiwa. Pampu ile ilijaza tangi linalolisha mtaa wa upande wa Kabeza, pamoja na kituo kidogo cha afya chenye wodi ya wazazi. Mzee Anastazi alikuwa hospitali wiki hiyo kwa ajili ya macho yake. Kopo hakuruhusu litoke ofisini, nami nilitaka kufanya kazi nyumbani ili akirudi akute nimemaliza, ashangae. Nikachukua kadi nilizozihitaji, nikashuka nazo dukani kwa fotokopi, pale pale Muhima.

"Recto-verso?" kijana wa fotokopi akauliza, yaani mbele na nyuma.

Foleni ilikuwa ndefu, umeme ulikuwa unakatika na kurudi. "Mbele tu," nikamjibu. "Haraka."

Kisanduku cha pampu ile kilikuwa cha zamani, chenye kitufe kimoja: ukikibonyeza inawaka, ukikibonyeza tena inazima. Nikaona vizuri niige kitufe. Nikatunga amri moja nikaiita Geuza. Kisha nikaichukua ile ruwaza ya Rudia Mpaka Ujibiwe kama ilivyo: tuma amri, ngoja jibu, jibu lisipokuja tuma tena. Niliiandika kwa siku mbili. Mchezo wa mwizi sikuucheza, nilijiambia ni mazungumzo mafupi mno, nitamsumbua Spesioza bure.

Labda ninyi mmeshaona kosa. Mimi sikuliona mpaka mvua iliponyesha. Asubuhi moja mjini wakatuma Geuza. Pampu ikawaka, ikajibu, lakini jibu likapotelea kwenye mvua. Mjini hawakusikia kitu, kwa hiyo programu yangu ikatii kadi ikatuma tena Geuza. Pampu ikazima. Safari hii jibu likafika salama: "Nimefanya." Kwenye skrini pampu inawaka, kule kilimani imelala. Tangi likaendelea kushuka, na hakuna aliyejua mpaka mkunga wa kituo cha afya alipopiga simu.

Simu niliipokea mimi. "Hapa hakuna maji kabisa," akasema yule mama, na nyuma yake nilisikia mtoto mchanga akilia. "Niko na wamama watatu kitandani, na mikono yangu sijanawa. Munatufanyia nini?"

Majirani waliwabebea maji kwa vijerikani, kupandisha mteremko ule wote. Hakufa mtu. Nawaambia mapema ili msihangaike, mimi sikuambiwa mapema, nilikaa mchana mzima na hiyo sauti sikioni.

Mzee Anastazi alikuwa amerudi siku mbili kabla. Alipanda mwenyewe kilimani, akakaa kwenye kibanda cha pampu na vifaa vya masikioni, akasikiliza milio. Alirudi suruali imelowa hadi magotini.

"Ile amri ya kuwasha inaitwa nani?" akaniuliza.

"Geuza."

Alitazama meza yangu. Fotokopi zilikuwa zimetawanyika pale, nyingine zimelala kifudifudi, migongo yake myeupe. Kisha akavuta kiti, akafuta Geuza, akaweka amri mbili, Washa na Zima. Ukiiambia Washa mara kumi pampu iliyokwisha kuwaka, hakuna kinachoharibika. Ilimchukua muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Jumatatu Mkurugenzi alituita. Huyu alikulia Uganda, alisoma ng'ambo, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka ya mambo mapya tu, na alikuwa ametoka kuombwa maelezo na wenye kituo cha afya.

"Hii njia ya kurudiarudia ilitoka wapi?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Kichwani nikamwona mama yangu amekaa kwenye kiti chake cha dirishani. Nikaufunga.

"Ni kadi yangu," Mzee Anastazi akasema. "Mimi ndio niriiandika."

Na ilikuwa kweli. Aliiandika yeye, mbele na nyuma.

"Mzee, mimi nakuheshimu sana," Mkurugenzi akasema. "Lakini hizi vitu ya kadi zimekwisha. Unachukua suluhisho ya zamani unabandika kwa kila kitu, ona sasa. Tutanunua mfumo iko tayari. Na wewe macho yako inasumbua, pumzika. Hiyo miezi mbili imebaki mpaka ustaafu, enda nyumbani."

"Yego, Bosi," Mzee akakubali.

Kwetu mtu akistaafu anaagwa. Fanta, brosheti, yaani mishikaki, hotuba ndefu, picha ya pamoja ambapo kila mtu amefumba macho. Mzee Anastazi aliondoka Jumanne asubuhi na koti lake na redio yake ndogo, bila kuagwa, na mtaa mzima wa mafundi wa redio hapa Kigali ukasikia kwamba amefukuzwa kwa kuwakosesha maji wamama wa uzazi. Jina lake ndilo alilokuwa nalo tu. Mtu wa foni huwa hana kingine.

Mimi nilinyamaza. Nilijiambia nitasema Jumatano. Jumatano nikajiambia nitasema baada ya mkataba, nikiwa na nguvu. Nilikuwa nakula vizuri, nalala, hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Siku ya tisa Mkurugenzi akapita mezani kwangu na kopo mkononi.

"Devota, hii nayo shusha kwa takataka."

Nilishuka nalo hadi ngazi za chini. Kwenye ngazi nikakaa, nikalifungua, nikaitafuta ile kadi. Nikaigeuza kwa mara ya kwanza. Mwandiko wake wa ujana, wino umefifia: "Usiitumie kwa jambo ambalo likifika mara mbili linaleta madhara. Niliomba gari moja la wagonjwa, sikusikia jibu, nikaomba tena. Yakaja magari mawili kwetu, na parokia ya pili ikakosa. Mama mmoja alizalia njiani. Anastazi."

Nililia pale kwenye ngazi za duka la vipuri, watu wananipita na mapipa ya oili. Yeye alikosea kosa langu kabla sijafikiria kuwa mhandisi, akaliandika na jina lake, ili mimi nisilirudie. Nami nilikuwa na haraka ya foleni.

Nikapanda juu nikamwekea Mkurugenzi kadi mezani, mgongo wake ukiangalia juu. Nikamwambia yote: fotokopi, Geuza, mchezo ambao sikuucheza. Akaisoma kadi mara mbili.

"Kwa nini hukusema Jumatatu?" akauliza.

Mkataba wangu akausogeza pembeni, akaniongezea miezi sita ya majaribio, na nilistahili. Kopo akalirudisha kwenye rafu kwa mikono yake mwenyewe. Alimpigia Mzee simu kumwomba radhi na kumwita arudi, na kwa mafundi wengine alisema wazi kwamba kosa halikuwa la mzee. Mzee akamshukuru, akasema sasa amepanda maharage, hawezi kuyaacha.

Jumapili, baada ya misa, nikaenda kwake Kabeza. Nilimkuta barazani na ile redio ndogo imefunguliwa tumbo, nyaya nje. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyofundisha.

"Nirijua," akasema. "Niriona fotokopi zako. Nyuma nyeupe."

"Sasa Mzee, kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungejifunza nini, mwana wanjye? Kunichukia." Akaifunga redio taratibu, skrubu moja, skrubu ya pili. "Niringoja tu. Kira simu ikilia, niridhani ni wewe."

Kira simu ikilia. Siku tisa. Nimesikia maneno makali maishani, hakuna yaliyonikata kama hayo, na aliyasema kwa upole.

Kisha akaniuliza kama nimekuja na kadi. Nilikuwa nayo mkobani. Akanipa kalamu yake, akanikemea niandike vizuri maana mwandiko wangu ni mbaya, na mkewe akatuletea viazi vitamu.

Vijana wangu, sisemi msitumie vya wenzenu. Tumieni. Mhandisi anayebuni kila kitu upya anajipenda mno. Leo mnaiuliza kompyuta, inawapa itifaki nzima kabla chai haijapoa, na mara nyingi ni nzuri. Lakini inawapa upande wa mbele. Ulizeni nani alikosea hapa, ilikuwa wapi, nini kiliharibika. Mpate mtu wa kuwaibia vikaratasi, tena mwambieni aibe na majibu, asiibe maswali peke yake. Na siku itakapofika mkaharibu, na itafika, semeni Jumatatu ileile.

Pale Kabeza niliandika chini ya jina la Anastazi kwamba nilitumia Geuza, kwamba sikusoma nyuma, kwamba wamama watatu walikosa maji. Nikaweka jina langu. Kadi ilikuwa ndogo na nafasi ikaisha, kwa hiyo zile siku tisa sikuziandika. Nimeziandika leo.